Presha Uliyoizoea

Unapoamka alfajiri na kusimama kando ya kitanda, damu inayokaribia nusu lita, wakati mwingine zaidi, huteremka tumboni na miguuni kwa uzito wake wenyewe. Damu yote ya mtu mzima ni kama lita tano tu, kwa hiyo hicho si kiasi kidogo. Kingebaki huko chini, ubongo ungepungukiwa nawe ungeanguka kabla ya kufika mlangoni. Lakini huanguki. Hujamaliza hata kuvaa kandambili, moyo umeshaongeza mapigo, mishipa ya tumbo na ya miguu imeshajibana, na damu imerudi juu. Hukuamuru lolote kati ya hayo, wala hukusikia kitu.

Wengi wanaoanzishiwa dawa za presha hutoka kliniki na vidonge pamoja na onyo la kupunguza chumvi, basi. Mwili unavyoipandisha na kuishusha presha hawaelezwi, na kwa maoni yangu hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Mmoja anaacha vidonge kwa sababu anajisikia mzima. Mwingine anaviacha kwa sababu vilimletea kizunguzungu. Wa tatu anameza viwili kwa mpigo kwa sababu kichwa kinamgonga. Wote watatu wangefanya vingine kama wangejua jambo moja: mwili hauna habari na presha iliyo salama. Unachokilinda ni presha uliyoizoea.

Shika shingo yako chini ya taya, pale unapotafuta mapigo. Hapo mshipa mkubwa wa damu unagawanyika, tawi moja linaelekea usoni na jingine ubongoni. Kwenye ukuta wa mshipa, katika njia panda hiyo, kuna ncha za mishipa ya fahamu zinazohisi ukuta unavyovutika. Nyingine ziko kwenye upinde wa mshipa mkuu unaotoka moyoni. Presha ikipanda, ukuta huvutika, habari hufika kwenye shina la ubongo, na amri hurudi: moyo upunguze kasi, mishipa ilegee. Presha ikishuka, amri hugeuka kinyume. Yote hayo huisha ndani ya sekunde chache. Wapo wazee ambao ncha hizi zimekuwa na hisia kali kupita kiasi, hata wakifunga kola ya shati kwa kukaza na kugeuza shingo ghafla, wanaona giza. Ukiwa na mzazi anayeanguka namna hiyo, mwambie daktari habari ya kola. Ni kitu ambacho hakuna anayekumbuka kukisema.

Figo hufanya kazi hiyohiyo, ila kwa mwendo wa saa na siku. Kila siku huchuja majimaji yanayofikia kama lita 180 na kuyarudisha karibu yote kwenye damu, ikibaki lita moja na nusu hivi ya mkojo. Katika kurudisha huko ndimo zinamoamua chumvi gani ibaki na ipi itoke. Zikihisi damu inazifikia kwa nguvu ndogo, hutoa renini. Hiyo huanzisha mlolongo unaopita kwenye kemikali ya ini na kimeng'enya kilicho kwa wingi mapafuni, hadi ipatikane angiotensini. Angiotensini hubana mishipa, kisha huziagiza tezi zilizokaa juu ya figo zitoe aldosteroni, homoni inayozuia chumvi isitoke. Chumvi ikibaki, maji hubaki nayo, na damu huongezeka ujazo. Shingo hushughulikia dakika hii; presha ya mwezi na mwaka iko mikononi mwa figo.

Sasa, presha ikikaa juu siku baada ya siku, zile ncha za shingoni huzoea. Ni kama mlinzi wa geti: usiku wa kwanza mbwa wa jirani akibweka anatoka na tochi, mwezi ukipita habandui hata blanketi. Kuanzia hapo presha ya 165 ndiyo inayohesabiwa kuwa kawaida, na ni ikishuka kuelekea 130 ndipo mwili unapopiga kelele. Mishipa midogo ya ubongo nayo hujirekebisha: kuta zake huwa nene na kujipanga kufanya kazi kwenye msukumo mkubwa.

Kwa hiyo usiulize mwili wako kama presha iko juu. Kila ukoo una mjomba anayesema, "Mimi yangu naijua, ikipanda naisikia kisogoni." Mjomba anasikia shingo iliyochoka. Kichwa kinauma kwa sababu mia, na presha inayovunja figo taratibu haiumi popote. Kuna njia moja tu ya kuijua, nayo ni kupima. Hapo nako mambo huharibika.

Tazama famasi yoyote ya mtaani Dar es Salaam saa kumi jioni. Mama ameshuka kwenye daladala, amevuka barabara mbiombio, ana mfuko wa mchele na mafuta. Anapandishwa kwenye kiti kirefu kisicho na egemeo, miguu inaning'inia. Kijana wa famasi anafunga mkanda wa mashine juu ya mkono wa gauni.

"Shikamoo mama. Nipe mkono."

"Marahaba mwanangu. Hebu angalia, maana huyu mkwe wangu kanipandisha presha tangu asubuhi."

Kisa cha mkwe kinaendelea wakati mashine inajaza upepo, mkono ukiwa unaning'inia ubavuni. Mashine inalia: 168 kwa 97. "Iko juu, mama." Mama anarudi nyumbani na namba hiyo kichwani, na usiku huo jirani anamgawia vidonge vyake viwili.

Mashine haikusema uongo. Ilipima presha ya mtu aliyetoka kukimbia, anayezungumza kwa hasira, asiyeegemea kitu, mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo. Kila kimoja kati ya hivyo huongeza pointi kadhaa, na vikikutana huweza kumfanya mtu asiye mgonjwa aonekane mgonjwa. Kibofu kilichojaa huongeza. Sigara na kahawa ya nusu saa iliyopita huongeza. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza sana, na hilo ndilo kosa linalofumbiwa macho kuliko yote, kwa kuwa famasi nyingi zina mkanda wa saizi moja.

Mchungaji Mwingereza Stephen Hales aliliona hili la kupanda na kushuka mapema kabisa. Mwaka 1733 alichapisha maelezo ya jinsi alivyoingiza bomba kwenye mshipa wa farasi jike na kuliunganisha na kioo kirefu kilichosimama: damu ilipanda zaidi ya futi nane, kisha ikawa inapanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Haikutulia mahali pamoja, na presha yako nayo haitulii. Usingizini hushuka, kwa wengi asilimia 10 hadi 20, alfajiri hupanda, ukicheka hupanda, ukibebwa na hasira hupanda kisha hurudi. Unachotafuta ni wastani wake ukiwa umetulia.

Basi ukiwa na uwezo nunua mashine ya mkono wa juu na uachane na zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono, maana hukosea kirahisi. Kabla ya kununua chukua futi ya fundi cherehani, pima unene wa mkono katikati ya bega na kiwiko, kisha soma kwenye mkanda. Mingi ya kawaida ni ya sentimita 22 hadi 32. Nenda msalani kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili zikanyage sakafu bila kupishanisha miguu, mkono uwe wazi na ulale mezani usawa wa moyo. Nyamaza dakika tano, pamoja na simu. Pima mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na chakula, na tena jioni, kwa wiki moja. Siku ya kwanza iache nje ya hesabu, kwa kuwa mashine mpya ina kihoro chake. Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili, na baada ya hapo utumie ule wenye namba kubwa.

Kliniki, 140 kwa 90 ikijirudia ndiyo mstari ambao nchi nyingi zinautumia kusema mtu ana presha. Nyumbani mstari ni 135 kwa 85, kwa sababu hakuna koti jeupe la daktari mbele yako. Andika kwenye daftari la kawaida: tarehe, saa, namba mbili. Daftari hilo lina thamani kubwa kwa daktari kuliko maelezo yako yote ya jinsi ulivyojisikia.

Tuje kwenye dawa. Kila kundi hushika sehemu moja ya kazi niliyoieleza. Hidroklorotiazidi na bendrofluazidi, zile dawa za maji, huzifanya figo zitoe chumvi na maji, ndiyo maana humezwa asubuhi usije ukalala msalani. Amlodipini hulegeza kuta za mishipa. Vifundo vya miguu vikivimba usidhani figo zimekufa, huenda ni yenyewe. Captopril, enalapril na lisinopril huzuia angiotensini isitengenezwe, na kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya kifua. Wazo la kundi hili lilitoka kwenye sumu ya nyoka wa Brazili, Bothrops jararaca, iliyochunguzwa na Sérgio Ferreira miaka ya 1960. Captopril iliruhusiwa Marekani mwaka 1981. Losartani huiacha angiotensini itengenezwe ila huifungia mlango, na kikohozi huwa nadra.

Kwa sababu mwili una njia kadhaa, ukiufungia moja hutumia nyingine. Legeza mishipa, na figo zitaanza kubana chumvi ili kurudisha presha ziliyoizoea. Hii ndiyo sababu daktari hukupa vidonge viwili vya makundi tofauti kwa dozi ndogo kuliko kimoja kikubwa. Watu husikia "tumeongeza dawa" wakaelewa "ugonjwa umezidi". Mara nyingi ni kwamba njia ya pili ya mwili imefungwa pia.

Wiki za mwanzo ndizo ngumu. Namba zinasoma 132, na wewe unajisikia mnyonge, kichwa chepesi, ukisimama dunia inayumba. Mwili ulizoea 165 na unalalamika. Pima wakati huohuo wa kizunguzungu, andika, mpigie au mrudie aliyekuandikia. Anaweza kupunguza dozi na kuipandisha polepole. Dawa nyingi huhitaji wiki mbili hadi nne kuonyesha nguvu zake zote, na mwili nao huhitaji muda kukubali kiwango kipya. Ukiacha kwa siku kumi ukaanza tena, unajirudisha kwenye zile wiki mbaya kila mara. Atenolol na propranolol, dawa nyingine za presha, kuziacha ghafla kunaweza kuutikisa moyo kwa hatari, kwa hiyo hizo usiziguse bila daktari.

Na ule mtindo wa kuweka nifedipini chini ya ulimi ili "presha ishuke haraka" tuuache kabisa. Ubongo uliozoea msukumo wa juu hauwezi kujirekebisha kwa dakika kumi. Presha ikiporomoka, damu haifiki, na mtu aliyekuja na kichwa kuuma anaweza kuondoka na kiharusi.

Kwenye chumvi sitarefusha, kwani mmehubiriwa vya kutosha. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa chumvi yote: ya mkate, ya mchuzi, ya soseji. Chumvi tunayoila bila kujua imejificha kwenye papa mkavu na ng'onda, vidonge vya kuunga mchuzi, achari, chipsi za kibandani, na ile embe mbichi ya pilipili na chumvi. Simkatazi mtu wa pwani papa. Mloweke usiku, mwaga maji, mchemshe na kumwaga tena, kisha mpike kwa nazi na ndimu bila kuongeza hata chembe. Ulimi nao huzoea: baada ya wiki chache chakula cha zamani utakiona kimekolea mno. Mchicha, maharage, ndizi na viazi vitamu vina potasiamu inayozisaidia figo kutoa chumvi. Lakini mwenye figo dhaifu, au anayetumia enalapril, losartani au spironolaktoni, aulize kwanza kabla ya kununua ile chumvi mbadala ya potasiamu.

Kuna hii inayoitwa presha ya kushuka. Binti mwenye 95 kwa 60 anayefanya kazi zake bila shida hana ugonjwa. Asilambishwe chumvi. Kinachohitaji kuangaliwa ni presha inayoanguka mtu anaposimama. Unaweza kuipima mwenyewe: lala dakika tano, pima, simama, pima baada ya dakika moja na ya tatu. Namba ya juu ikipungua 20 au zaidi, au ya chini 10, peleka daftari kliniki. Huenda ni kuhara, damu iliyopotea, kisukari kilichoharibu mishipa ya fahamu, au dawa zenyewe, zikiwemo zile wanazopewa wazee kwa tezi dume. Mzee anayeamka usiku kukojoa akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Baada ya chakula kizito damu nyingi huenda tumboni, na kwa wazee presha huweza kushuka hapo. Babu aliyekula pilau la futari asiinuke kwa haraka kukimbilia tarawehe. Anayefunga Ramadhani huku akitumia dawa za presha aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama ili saa za dawa zipangwe, hasa ile ya maji.

Wanafunzi wanaozirai kwenye gwaride nao hawana mapepo. Joto limefungua mishipa ya ngozi, damu imejaa miguuni, na misuli ya mashavu ya miguu, ambayo kwa kawaida huisukuma juu tukitembea, imesimamishwa kwa amri. Mfundishe mwanao kukaza na kulegeza misuli hiyo bila mkuu wa gwaride kuona. Akizirai, mlaze chali na umwinue miguu. Kumkalisha kwenye kiti ni kumzuilia ubongo damu, na soda mdomoni mwa mtu asiyejitambua huingia mapafuni.

Kitu kimoja kinachoharibu matibabu ya presha kimya kimya ni diklofenaki. Tunaimeza kwa mgongo, goti, jino. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, huzifanya figo zishike chumvi na kupandisha presha, na zikichanganywa na enalapril au losartani pamoja na dawa ya maji zinaweza kuziumiza figo vibaya. Muuzaji dawa mwambie kabla hajakufungia: mimi natumia dawa za presha. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli inatosha.

Jingine huzungumzwa kwa kunong'ona. Wanaume wengi huacha dawa za presha kwa kuamini zimewamaliza nguvu. Baadhi ya dawa huchangia kweli, na daktari anaweza kubadilisha kundi ukimwambia. Lakini mara nyingi presha yenyewe ndiyo imeharibu utando wa ndani wa mishipa, ambao hutengeneza nitriki oksaidi, gesi inayoilegeza. Waliogundua kazi yake walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, hutumia njia hiyohiyo. Mwenye maumivu ya moyo anayetumia nitrogliserini au isosobaidi akiichanganya na sildenafili, presha huporomoka na anaweza kufa. Unga na asali za "nguvu za kiume" zinazouzwa barabarani si salama kwake pia, kwani katika nchi nyingi zimekutwa zimetiwa sildenafili kwa siri.

Mjamzito ana hesabu zake. Katikati ya mimba presha kwa kawaida hushuka kidogo. Ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki 20, asisubiri kliniki ijayo, kwa maana huo unaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba. Kichwa kikali, kuona vimulimuli, maumivu chini ya kifua upande wa kulia na uso kuvimba ni dalili za kwenda hospitali usiku huohuo. Enalapril, losartani na ndugu zao hazifai katika mimba, kwa hiyo anayezitumia na anapanga kuzaa abadilishiwe mapema. Miezi ya mwisho akilala chali, tumbo hulala juu ya mshipa unaorudisha damu moyoni. Alale kwa ubavu wa kushoto.

Kwa sisi wengine, namba ya 180 kwa 120 bila dalili yoyote: kaa, tulia, pima tena baada ya dakika tano, meza dozi yako kama uliisahau wala usiiongeze, na umwone daktari siku hiyo au kesho yake. Namba hizo zikija pamoja na maumivu ya kifua, kuhema, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kugongana au macho kufifia, tafuta gari sasa hivi. Beba dawa zote za mgonjwa kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za famasi na za mganga, pamoja na lile daftari.